Kifungua kinywa cha kushibisha kwa pesa kidogo: uji, mayai, mkate, chapati za maji, maharage au kiporo?

Asubuhi ndiyo inayokula pesa bila kuonekana. Mchana na usiku mtu hupanga, hupima, hujua sufuria itatosha watu wangapi. Asubuhi watu wanakula wamesimama, kila mmoja na haraka zake, na ikifika saa nne kila mtu anatafuta kitu kingine cha kutia mdomoni. Hicho cha saa nne hakiandikwi kwenye bajeti ya kifungua kinywa, ingawa kimelipiwa na mfuko uleule.

Ndiyo maana kuuliza tu kifungua kinywa kipi kina bei ndogo hakusaidii sana. Rahisi huvunja upishi, walisema wazee, na asubuhi huuvunja kweli: familia inakula cha bei ya chini saa moja, halafu inanunua biskuti na soda kabla ya mchana. Cha kuuliza ni kipi kitawafikisha wote mlo wa mchana kwa jumla ndogo ya pesa.

Hapa nimelinganisha vitu sita: uji wa oti, mayai, mkate, chapati za maji, maharage na kiporo. Hakuna nitakachokitawaza. Nyumba yenye friji na nyumba isiyo nayo haziwezi kupewa jibu moja, wala nyumba yenye vijana watatu haipikiwi kama yenye mtoto mmoja wa miaka miwili.

Vipimo nilivyotumia

*Gharama mpaka mchana.* Bei ya paketi haisemi kitu mpaka ujue inatoa sahani ngapi. Gawanya bei kwa idadi ya sahani. Ongeza vinavyoingia humo: maziwa, sukari, mafuta, cha kupaka. Ongeza moto. Halafu ongeza vitafunwa vilivyonunuliwa kabla ya mlo wa mchana. Jumla hiyo ndiyo bei yenyewe. Kwa kuwa bei za sokoni hazifanani, mimi nitakupa idadi ya sahani na kiasi cha protini; kuweka bei za kwenu ni kazi ya dakika chache na kalamu.

*Shibe.* Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walichagua vyakula 38, wakapima kila kimoja sehemu yenye kalori 240, wakawalisha watu na kuwauliza kila robo saa, kwa saa mbili, wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100 na vingine vikapimwa dhidi yake. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, uji wa oti 209, maharage ya kwenye mchuzi wa nyanya 168, mkate wa ngano isiyokobolewa 157, mayai 150, wali mweupe 138, konfleksi (nafaka za boksi) 118, keki 65, kruasani (kile kitafunwa laini chenye siagi nyingi) 47. Kila chakula kilijaribiwa na watu 11 hadi 13 tu, kwa hiyo usizibebe alama hizo kama sheria. Mwelekeo wake ndio wenye faida: chakula chenye uzito sahanini, maji, nyuzinyuzi na protini kilikaa tumboni, na chenye mafuta mengi kilipita upesi. Kwa kalori zilezile, viazi vinajaza sahani na kruasani inaenea kiganjani.

*Muda na moto.* Dakika za mpishi na gharama ya gesi, umeme au mkaa. Vitu hivi viwili havitembei pamoja kila mara: maharage yanakula moto mwingi lakini hayahitaji mtu asimame, na chapati za maji ni kinyume chake.

*Kasoro.* Kila chakula kina mahali kinapokuangusha. Ni heri upajue mapema.

1. Uji wa oti

*Gharama.* Mtu mzima mwenye ulaji wa kawaida anatosheka na gramu 40 za oti kavu zilizopondwa bapa, kwa hiyo kilo moja inatoa sahani 25. Kijana anayekua atataka gramu 60 au zaidi, na kilo itakupa sahani kama 16. Ndani ya kilo hiyo mna protini gramu 130 hivi, karibu sawa na mayai 20. Wengi hushangaa hapo, kwa maana uji tumezoea kuuhesabu kama wanga mtupu. Protini ya yai hutumika vizuri zaidi mwilini, hilo ni kweli, lakini maziwa kidogo au karanga zilizosagwa hupunguza pengo.

Pesa inapotea kwenye pakiti ndogondogo zenye ladha. Ni oti zilezile, zimesagwa zaidi, zimetiwa sukari, na bei yake kwa kilo ni ya juu. Nunua mfuko mkubwa usio na kitu, tia ndizi iliyoiva sana na mdalasini mwenyewe.

*Shibe.* Oti zina aina ya nyuzinyuzi inayoyeyuka, iitwayo beta-glukani. Ikikutana na maji inakuwa ute mzito unaochelewesha chakula kutoka tumboni. Huenda hiyo ni sehemu ya siri ya zile alama 209. Uji wa unga wa nafaka nyingine nao unaweza kushibisha, ila angalia mambo mawili: unga umekobolewa kiasi gani, na uji ni mzito kiasi gani. Uji mwembamba unaojaza kikombe kikubwa ni maji zaidi kuliko chakula. Tumbo linajaa mara moja na kuwa tupu upesi vilevile. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi hapo, kwa sababu tumbo lake dogo linajazwa na maji kabla hajapata nguvu ya kutosha.

*Muda na moto.* Oti bapa huiva kwa dakika tano. Zile zilizokatwa vipandevipande huchukua nusu saa, lakini ukizilowesha usiku muda huo unapungua sana. Mwenye friji anaweza kuacha moto kabisa: oti, maziwa au mtindi, vikalala pamoja kwenye chombo chenye kifuniko, asubuhi ni kuchota tu.

*Kasoro.* Watoto huchoka nao. Na sukari: uji uliotiwa vijiko vitatu vya sukari ili uliwe unaongeza bei bila kuongeza shibe. Anza na tunda, halafu sukari ije kwa kiasi.

*Inamfaa* mwenye watu wengi wanaokula kwa wakati mmoja, na mwenye pesa ya kununua mfuko mkubwa kwa mkupuo.

2. Mayai

*Gharama.* Uzuri wa yai ni kwamba hesabu yake iko wazi. Mawili kwa mtu, watu watano, trei ya mayai 30 inaisha kwa siku tatu. Yai moja la gramu 50 lina protini kama gramu 6 na kalori 70 hivi. Sasa tazama: mayai mawili ni kalori 140, na mtu mwenye kazi ya nguvu hafiki mchana na hizo. Lazima kuwe na mkate, viazi au kitu kingine pembeni. Kwa hiyo bei ya kifungua kinywa cha mayai kamwe si ya mayai peke yake, na ukilinganisha na uji usilisahau hilo.

Njia ya kuyanyoosha ni kuyafanya yaunganishe vitu vingine. Mayai manne, viazi vilivyochemshwa na kukatwa, kitunguu na kabichi iliyokatwa nyembamba, vyote kwenye kikaango kimoja chenye kifuniko, vinalisha watu watano vizuri kuliko mayai kumi yaliyokaangwa kila moja peke yake. Haya kwangu ndiyo matumizi bora ya yai asubuhi.

*Shibe.* Alama 150 si mbaya, na protini yake inashika. Lakini hayana nyuzinyuzi hata kidogo. Mboga na viazi vinaziba hapo.

*Muda na moto.* Dakika 10 hadi 12 kwa yai gumu la kuchemsha. Kuchemsha kumi kwa pamoja kunatumia moto unaokaribiana na wa kuchemsha mawili, na yakikaa kwenye friji na maganda yake yanaliwa ndani ya wiki moja. Anayetoka alfajiri anachukua mawili na kwenda zake.

*Kasoro.* Mayai yenye ufa huuzwa kwa bei ya kutupa, na bakteria hupita kwenye ufa huo. Okoa pesa pengine. Kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee pika mpaka kiini kigande. Na katika familia nyingine yuko mmoja ambaye mayai humdhuru, basi mpango mzima unahitaji sahani ya pili.

*Inamfaa* anayekula peke yake kwa haraka, na familia yenye viazi au mkate wa kutosha lakini isiyo na kitu cha protini.

3. Mkate

*Gharama.* Hapa kuna udanganyifu mdogo. Mikate hupimwa kwa macho, na mkate mrefu uliojaa hewa huonekana mkubwa. Soma gramu zilizoandikwa, gawanya bei kwa uzito. Kipande cha gramu 30 kina kalori kama 80 na protini isiyofika gramu 3. Mwenye njaa anakula vinne bila kujua. Watu watano, vipande 20, mkate umekwisha leo na kesho unanunua mwingine.

Halafu kuna cha kupaka, na mara nyingi hicho ndicho ghali. Jamu ni sukari kwa sehemu kubwa. Siagi ya karanga bei yake inatisha kwenye rafu, ila vijiko viwili vya mezani vina kalori karibu 190 na protini gramu 7, kwa hiyo vipande viwili vilivyopakwa hiyo vinafanya kazi ambayo vinne vya jamu havifanyi. Piga hesabu ya hivyo viwili dhidi ya hivyo vinne kabla hujaamua kipi ni ghali.

*Shibe.* Mkate mweupe ndio uliokuwa kipimo cha 100, na sehemu kubwa ya vyakula vya kawaida vya nyumbani viliupita. Wa ngano isiyokobolewa ulifika 157. Rangi ya kahawia haitoshi kuuthibitisha, kwa sababu kuna mikate iliyotiwa rangi. Soma orodha ya vilivyomo: cha kwanza kiwe unga wa ngano isiyokobolewa.

*Muda na moto.* Sifuri. Hapa hakuna anayeushinda.

*Kasoro.* Unakauka na kuota ukungu. Kuuweka kwenye friji kunauharakisha kukauka. Sehemu ya kugandisha ndiyo inayoutunza, ukiwa umeshakatwa, unatoa vipande unavyotaka. Uliokauka usitupwe: chovya kwenye yai lililopigwa na maziwa, kaanga, na watoto watauomba tena.

Nafaka za boksi ni ndugu wa mkate katika mambo haya. Hazitaki moto, zinapendwa, na konfleksi zilipata 118, juu kidogo tu ya mkate mweupe. Boksi ni kubwa, kilichomo ni chepesi. Sehemu inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni gramu 30, na sijaona kijana anayejimiminia gramu 30. Ukizinunua, zihesabu pamoja na maziwa yake.

*Inamfaa* mwenye asubuhi isiyo na dakika hata moja, na anayeishi mahali ambapo moto ni ghali kuliko chakula.

4. Chapati za maji

*Gharama.* Unga gramu 100 kwa mtu, yai moja kwa watu wawili au watatu, maji au maziwa, chumvi. Kilo ya unga inalisha watu kumi. Viungo ni vya bei ya chini, lakini mafuta ya kukaangia huongezeka kimyakimya. Mimina kwenye kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa.

*Shibe.* Zikiwa za unga mweupe, sukari na asali juu, zinapendeza kuliko zinavyoshikilia. Badilisha nusu ya unga uwe usiokobolewa, ponda ndizi ndani au kwaruza karoti, na uzikunje na kitu chenye protini. Unga mweupe una nyuzinyuzi zisizozidi gramu 3 kwa kila gramu 100. Usiokobolewa una zaidi ya gramu 10. Tofauti hiyo inaonekana saa nne.

*Muda na moto.* Kikaango kimoja, foleni ndefu, na mpishi anakula wa mwisho zikiwa zimepoa. Kwa watu wawili ni raha. Kwa watu sita ni zamu ya kazi. Zinaweza kupikwa jioni na kupashwa asubuhi, na hapo ndipo zinaanza kuwa na maana kwa siku za kazi.

*Kasoro.* Hiyo foleni.

*Inamfaa* mwenye asubuhi ndefu ya mapumziko, na mwenye mtoto msumbufu wa kula, maana ndani ya chapati ya maji huingia vitu vingi asivyovikubali vikiwa peke yake.

5. Maharage na jamii yake

*Gharama.* Kwa protini, hiki ndicho kigumu kushindwa. Kilo ya maharage makavu ina protini kati ya gramu 200 na 240, na ikiiva inakuwa kama kilo mbili na nusu: sahani 15 hivi za kutosha. Dengu na adesi haziko mbali. Yale ya kopo yanakuondolea moto na kusubiri, ila unalipia kopo, maji na chumvi. Yasuuze kabla ya kuyapasha.

*Shibe.* Alama 168 zilikuwa za maharage ya kwenye mchuzi wa nyanya wenye utamu. Yana vitu viwili vinavyoshikilia kwa pamoja, protini na nyuzinyuzi, na ndiyo maana mtu aliyekula maharage na kipande cha mkate saa moja hazungumzi juu ya chakula mpaka mchana. Kwa wenye kazi za mikono ningeanzia hapa.

*Muda na moto.* Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Chemsha sufuria ndogo ya maharage kila asubuhi na utakuwa umechoma faida yote. Yanataka kupikwa mengi kwa siku moja: lowesha saa nane au zaidi, mwaga maji ya kulowekea, chemsha, gawa kwenye vyombo vya mlo mmojammoja, gandisha. Sufuria ya presha inapunguza moto kwa kiasi kikubwa sana. Asiye na friji wala presha aangalie adesi nyekundu zilizopasuliwa: hazihitaji kuloweshwa na huiva kwa dakika 15 hadi 20.

*Kasoro.* Maharage mekundu yakiwa mabichi au nusu-mabichi yana sumu ya asili, na watu wameugua kwa kula machache tu. Ni lazima yachemke kwelikweli, mapovu yakipanda, kwa dakika 10 au zaidi hata baada ya kuloweshwa, halafu ndipo upunguze moto. Kuyapika kwenye jiko la umeme la moto mdogo tangu mwanzo ni hatari, kwa sababu joto hilo haliiharibu sumu. Kuhusu gesi tumboni, anza na sahani ndogo, wengi huzoea.

*Inamfaa* mwenye watu wanaofanya kazi nzito, na anayeweza kutenga siku moja ya kupika.

6. Kiporo

*Gharama.* Watu husema kiporo ni bure. Si bure, kililipiwa jana. Lakini moto wake ulishalipiwa pia, na hiyo ni faida ambayo hakuna kingine hapa kinacho. Jambo la kuangalia ni kama kilibaki kwa bahati au kwa mpango. Kiporo cha bahati huwa sahani moja na nusu kwa watu watano, kisha kunakuwa na ugomvi na kingine kinapikwa pembeni. Cha mpango unapika usiku ukijua: viazi kilo mbili badala ya moja, moto uleule, sufuria ileile.

*Shibe.* Inategemea ulipika nini, na ndiyo maana kiporo kinaweza kuwa cha kwanza au cha mwisho kwenye orodha hii. Viazi vya kuchemsha vilivyobaki vina alama 323, za juu kuliko vyakula vyote 38 vilivyojaribiwa. Wali mweupe 138, na ukiuchanganya na maharage ya jana au yai unakuwa mlo wa kweli. Ukivikaanga viazi vyako kwenye mafuta mengi umevigeuza kuwa chakula kingine. Vibanzi vilipata 116 katika jaribio lilelile. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha kwenye kikaango kisichogandisha.

*Muda na moto.* Dakika tano hadi kumi za kupasha.

*Kasoro.* Hapa sitapita haraka, kwa sababu kiporo kibaya kinaweza kugharimu bili ya daktari. Wali ndio wa kuangaliwa zaidi. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukikaa mezani usiku kucha katika joto la kawaida, mbegu hizo huamka, huongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki ukiupasha hata uchemke. Harufu inaweza kuwa nzuri tu. Kwa hiyo: utandaze kwenye chombo kipana upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, na uliwe kesho yake, si keshokutwa. Chakula chochote cha jana kipashwe mpaka kitoe mvuke katikati, siyo pembeni tu, na kipashwe mara moja.

Kwa asiye na friji ushauri wangu ni mfupi: wali, nyama na maziwa visilale. Andaa kiporo kabla hakijapikwa, yaani menya viazi, lowesha maharage, katakata vitunguu. Moto utaulipa asubuhi, lakini kazi imeisha.

*Inamfaa* mwenye friji na mwenye tabia ya kupanga chakula cha usiku akifikiria asubuhi.

Kwa hali yako

Kama hakuna anayeamka mapema kupika, mkate wa ngano isiyokobolewa na siagi ya karanga, au oti zilizolala kwenye friji, ndiyo majibu mawili ya kweli. La kwanza linagharimu zaidi, la pili linahitaji friji. Mayai yaliyochemshwa jana yanaongeza nguvu kwenye yoyote kati ya hayo.

Kama moto ndio unaokumaliza, oti bapa na adesi nyekundu ni kati ya vinavyoiva upesi. Maharage makavu yaache mpaka upate sufuria ya presha, au nunua ya kopo siku ya punguzo.

Kama nyumba imejaa vijana, acha kuwapa chakula kimoja kwa wingi na uwape viwili kwa kiasi. Sahani ya uji kwanza, kisha mkate wenye yai. Kijana aliyeanza na uji hula vipande viwili pale ambapo angekula vitano. Upande wa pesa, uji ndio unaolinda mkate.

Kwa mtoto mdogo usitafute ujazo, tafuta uzito wa chakula chenyewe: uji mzito wenye maziwa na karanga zilizosagwa laini (kama hazimdhuru), yai lililoiva, chapati ya maji yenye ndizi. Sahani ndogo, na nyingine saa nne uliyoiandaa wewe, ni nafuu kuliko biskuti. Saa nne ya mtoto wa miaka miwili si uroho, tumbo lake ni dogo tu.

Kwa anayeenda kwenye kazi za mikono, maharage na kitu cha wanga, au viazi vya jana na mayai. Uji peke yake kwake ni mwanzo wa mlo.

Kama ni mwisho wa mwezi na mfukoni kumebaki kidogo, usinunue mfuko mkubwa kwa sababu tu una bei nzuri kwa kilo. Ukiishiwa pesa ya mboga utaitafuta kwa gharama kubwa zaidi. Chukua oti au unga kwa kipimo kidogo na viazi, mayai yanunue kwa moja moja, na mfuko mkubwa usubiri mshahara.

Na kama bado umekwama kati ya viwili, jaribu kimoja wiki hii na cha pili wiki ijayo. Andika vitu viwili tu: ulichotumia kwa kifungua kinywa, na kilichonunuliwa na kila mtu kabla ya mchana. Safu ya pili ndiyo itakayokuamulia. Watoto wakubwa waulize jioni, si asubuhi. Jioni husema ukweli kuhusu walichonunua.